MREJESHO: Chumba kimejaa vitu, nianzie wapi?

Wakuu, mwezi wa pili niliuliza hapa nifanyeje na chumba changu cha Mbagala kilichojaa vitu hadi mlango haufunguki wote. Asanteni sana. Nilifuata ule ushauri wa kufunga kwenye viroba kila nisichokitumia, kisha nisubiri siku 30. Vilijaa viroba vinne, na nilichorudi kukitafuta ni pasi tu! Nguo nimegawa, redio mbovu na feni nimemuuzia fundi kwa 15,000. Sasa kufagia ni dakika tano, na asubuhi sihangaiki kusaka soksi. Ila ule ushauri mwingine wa kukaa miezi mitatu bila kununua mtumba umenishinda: wiki ya tatu nilipita soko la Karume, nikarudi na mashati mawili. Masufuria ya mama bado yapo uvunguni, hayo sijathubutu kuyagusa.