Naomba ushauri: Amarone na Recioto kwa wageni wasiozoea mvinyo mkavu

Wakuu, habari zenu. Nipo Verona, Italia. Nimenunua chupa mbili kwenye shamba la familia moja huko Valpolicella: Amarone, mwekundu mkavu, na Recioto, mwekundu mtamu. Jumamosi napokea wageni kutoka nyumbani, na hawa wamezoea mvinyo mtamu wa Dodoma.

Ninavyoelewa, zote mbili hutokana na zabibu zilezile, hasa Corvina, zinazoanikwa ghalani miezi mitatu hivi mpaka zinywee na sukari ikolee. Recioto uchachukaji hukatizwa, sukari ikabaki. Amarone huachwa iendelee mpaka sukari karibu yote igeuke kilevi, ndiyo maana haishuki chini ya asilimia 14. (Si kinywaji cha kukata kiu!)

Mwezi uliopita nilijaribu Amarone nyingine. Nilipoionja papo hapo, kilevi kilinipanda puani, nikaikosa ile harufu ya cheri niliyoisikia shambani. Nikaimimina kwenye jagi, nikaiacha saa moja. Ikalainika, ila kidogo tu.

Maswali yangu: niimimine mapema kiasi gani kabla ya chakula, na je, nyuzi 18 ni sawa au niipoze zaidi?

Pili, Recioto niitoe na nini? Wenye shamba walisema jibini yenye ukungu au keki ya chokoleti. Jibini hiyo wageni wangu hawaigusi, na sitawalazimisha. Kashata za karanga zitafaa, au utamu utazidi?