Watoto wa kaya maskini wana kadi za bima, mbona udumavu haupungui?

Mdadisi: Wakuu, tunatathmini mpango unaowalipia bima watoto wa kaya maskini. Mahudhurio kwenye vituo vya afya yamepanda, udumavu uko palepale. Bima haisaidii, au tunapima kisichohusika?

DktWatoto: Mnapima kisichohusika. Udumavu huletwa na lishe duni, kuhara kwa mara kwa mara na afya ya mama tangu ujauzito. Kadi hailishi mtoto wala haisafishi maji. Bima inaokoa pale ambapo kilichomchelewesha mtoto ni pesa. Chukua nimonia: mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika (wa mwaka 1 hadi 5, mara 40) anahitaji amoksisilini, dawa ya kuua bakteria. Akiwahi, anameza dawa akiwa nyumbani. Mzazi akizunguka kutafuta mkopo, kifua kinaanza kubonyea ndani kila anapovuta pumzi, na hapo huenda akahitaji oksijeni. Hesabuni siku kuanzia dalili ya kwanza hadi kufika kituoni, na wangapi wanafika wakiwa mahututi.

Takwimu: Naunga mkono. Nchini Ghana kaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu kupata matibabu bila malipo. Watoto walipelekwa vituoni zaidi, ila upungufu wa damu haukubadilika. Thailand mwaka 2001 ilianza mpango ambao mgonjwa alilipa baht 30 (fedha ya huko) tu kwa kila hudhurio, na vifo vya watoto wachanga vikashuka kwenye majimbo maskini. Ila kule hospitali zinazohudumia maskini ziliongezewa fedha, hazikuachiwa wagonjwa tu.

Halafu msilinganishe wenye kadi na wasio nayo hivihivi! Mwenye mtoto anayeugua ndiye anayekimbilia kujisajili, kwa hiyo bima itaonekana kama inaleta maradhi. Linganisheni maeneo yaliyoanza mapema na yaliyochelewa.

Mdadisi: Asante sana. Na kwenye utekelezaji, wapi panavuja?

DktWatoto: Kwa wachanga. Karibu nusu ya vifo vya walio chini ya miaka 5 hutokea ndani ya siku 28 za kwanza, na baadhi ya mipango inamtaka mtoto awe na cheti cha kuzaliwa kwanza. Mchanga atibiwe kwa kadi ya mama tangu anapozaliwa.

Takwimu: Na dawa. Kituo kikiishiwa, mzazi anaandikiwa akanunue nje, na asiye na hela anaondoka na karatasi. Muulizeni kila mzazi anapotoka: umeandikiwa dawa ngapi, umepewa ngapi, umelipa kiasi gani?