Proxmox: mashine pepe tatu zimeganda, na swali la diski ya kubeba

Habari zenu wakuu. Nimefika kazini saa mbili asubuhi, nakuta mashine pepe tatu (kompyuta zinazoendeshwa kama programu ndani ya seva yetu ya Proxmox) zina pembetatu ya njano, "io-error", yaani kosa la kusoma au kuandika diski. Seva yenyewe inajibu ping. Nikiziamsha, zinaganda tena ndani ya dakika. Halafu, kwa kazi za kuzunguka nibebe flashi au SSD ya nje?

Jibu: Acha kuziamsha kwanza. Andika `lvs` kwenye seva, tazama safu ya Data%, yaani asilimia ya nafasi iliyotumika. Ikisoma 100, hifadhi ya LVM-thin (nafasi ya diski ambayo mashine pepe zinagawana) imejaa, na QEMU, programu inayoziendesha, husimamisha mashine ikishindwa kuandika. Futa snapshoti (nakala za hali ya mashine) za zamani, washa Discard kwenye diski ya mashine, kisha `fstrim -av` ndani ya mashine, ili nafasi ya faili zilizofutwa irudi kwenye hifadhi.

Muuliza: 100.00 kweli! Snapshoti nane za tangu mwaka jana. Nimefuta sita, imeshuka hadi 71, zote zimeamka. Asante sana kaka, mishahara iko humo.

Jibu: Kuhusu diski ya kubeba, beba vyote viwili. Flashi ya GB 64 yenye Ventoy, programu ya kuwashia kompyuta kwa flashi: unanakili ISO zako (faili za kusakinishia mifumo), unachagua moja wakati wa kuwasha kompyuta. Bakapu ziende SSD, iformati kwa mfumo wa faili wa exFAT. Ule wa FAT32 haupokei faili la GB 4 na kuendelea. Flashi za bei rahisi hupata moto, kasi inaporomoka.