Nimebadilisha pawa saplai, sasa kompyuta inawaka sekunde moja na kuzima. Ninunue mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) gani?

Taa_Nyekundu: Wakuu, kompyuta yangu ya mezani ilikuwa inajizima nikiipa kazi nzito, nikatoa pawa saplai ya wati 450 na kufunga mpya ya wati 650. Tangu jana nikibonyeza swichi feni ya prosesa inacheza kidogo, nasikia "tik", kimya. Nikaichomoa pawa saplai, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi wa kebo yake kuu ya pini 24 kwa klipu ya karatasi, feni yake ikazunguka vizuri tu. Kwa hiyo pawa ni nzima, mazabodi ndiyo imekufa. Kuna jamaa yuko tayari kuniagizia nyingine, nachotaka ni ushauri wa aina. Picha nimeweka. Msinicheke.

Kaa_la_Moto: Nunua laptop. Umeme ukikatika unaendelea na maisha yako.

Bibi_Soketi: Pole mjukuu wangu. Yangu iligoma hivyo hivyo. Nilifungua kila kitu hadi rami, siku nne niko sakafuni, babu yako anapita ananiruka kama kizingiti. Kumbe ekstensheni imelegea! Jaribu soketi nyingine.

Taa_Nyekundu: Nimejaribu tatu, bibi.

Fundi_Kimya: Kebo ya prosesa umechomeka? Ile ya pini 4+4, siyo ya kadi ya picha ya pini 6+2. Watu huzichanganya.

Taa_Nyekundu: Imo. Mkuu, turudi kwenye swali. Mazabodi gani?

Mzee_wa_Multimita: Mazabodi iache kwanza. Klipu inaonyesha tu kwamba pawa saplai inaamka ikiwa peke yake. Kuwaka na kukata papo hapo mara nyingi ni pawa saplai inajilinda, kuna shoti mahali. Nyaya zote ulizofunga zimetoka kwenye boksi jipya?

Taa_Nyekundu: Za mazabodi na prosesa, ndiyo.

Mzee_wa_Multimita: Nimeuliza zote.

Taa_Nyekundu: Ya diski niliacha ya zamani. Ilishapitishwa nyuma ya kasha ikafungwa vizuri, sikuona sababu ya kuifumua. Na kwenye pawa saplai mpya iliingia yenyewe bila kulazimishwa. Ingekuwa haifai isingeingia, au?

Fundi_Kimya: Eeh Mola.

Mzee_wa_Multimita: Inaingia, na ndiyo balaa lenyewe. Upande wa diski mpangilio wa pini ni mmoja kote. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga anavyojua, hata matoleo mawili ya kampuni moja yanaweza kutofautiana. Tundu linafanana, ila diski inaposubiri volti 5 inapigwa 12. Chomoa hiyo kebo pamoja na diski, kisha washa.

Mwalimu_wa_Zamu: Tatizo la kizazi hiki ni haraka. Karatasi ya maelekezo haikuwekwa kwenye boksi ili uikunje meza isicheze.

Kaa_la_Moto: Laptop haina hizi kebo. Nasema tu.

Chunguza_Kwanza: Jamani, hii ni chai na mnainywa ya moto. Kuzeni picha yake: kebo ya pini 24 inaning'inia, haijagusa mazabodi. Sasa hiyo feni ya prosesa inacheza kwa maombi? Na kila akibanwa hadithi inaota chumba kipya.

Taa_Nyekundu: Picha nilipiga wakati wa jaribio la klipu! Ningewezaje kuweka klipu bila kuchomoa kebo?

Chunguza_Kwanza: Jibu zuri. Umelifikiria muda gani?

Bibi_Soketi: Mwache mtoto, anatetemeka huyo.

Taa_Nyekundu: Nimechomoa kebo na diski. IMEWAKA. Imefika hadi Windows, iko kwenye SSD, diski nyingine iliyobanwa juu ya mazabodi. Nimefurahi nikarudisha diski kwa kebo mpya: tik, kimya.

Mzee_wa_Multimita: Basi shoti iko kwenye diski. Karibu na plagi yake kuna daiodi ndogo ya ulinzi, volti zikizidi inajitoa mhanga na kugeuka shoti. Usiiwashe tena. Mara nyingi sahani za ndani zinazotunza data hazijaguswa, fundi mwenye mkono mwepesi anaitoa daiodi hiyo na diski inasomeka tena. Ina nini ndani?

Taa_Nyekundu: Vitu vya kawaida.

Mzee_wa_Multimita: Vya nani?

Taa_Nyekundu: Vya kaka. Picha za harusi yake. Alinipa nimhamishie, ndiyo maana nilikuwa na haraka.

Fundi_Kimya: Nakala ziko wapi?

Taa_Nyekundu: Nakala ndiyo hiyo. Kwenye simu alishazifuta.

Chunguza_Kwanza: Nafuta kauli. Mtu hawezi kujitungia hili.

Bibi_Soketi: Kaka anajua?

Taa_Nyekundu: Anakuja Jumamosi. Halafu wakuu, yule jamaa wa mazabodi ndo kanipigia sasa hivi, ameshalipia. Naikataaje?