Mrejesho: Pengo la magego mawili ya mama

Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliuliza hapa iwapo mama, aliyeng'olewa magego mawili ya chini upande wa kushoto, awekewe meno bandia ya kuvaa na kuvua, daraja (meno bandia yasiyovuliwa, yanayoshikiliwa na meno ya jirani) au kipandikizi. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Daraja tuliliacha mapema, kwa kuwa lingelazimu meno mazima yaliyo kandokando ya pengo yasagwe ili yabebe vifuniko, na mama hakukubali meno yake mazima yaguswe. Nami naona alikuwa na haki. Kipandikizi, ile skrubu ya titani inayozamishwa katika mfupa wa taya na kusubiriwa miezi mitatu hadi sita ishikamane nao, ndicho tulichokitamani. Hata hivyo, sukari yake ilikuwa juu, na daktari wa meno alitueleza kwamba katika hali hiyo kidonda huchelewa kupona na kipandikizi kinaweza kukataa kushika, hivyo tuishushe kwanza.

Kwa sasa amevaa meno ya kuvaa na kuvua ya akriliki, yaani plastiki ngumu, yenye vishikizo vya waya. Wiki ya kwanza yalimchubua ufizi. Daktari alipaka rangi mahali palipouma, akaparuza sehemu ndogo mno ya meno hayo bandia, maumivu yakaisha. Kila usiku huyavua, huyasugua kwa brashi laini na kuyalaza katika kikombe cha maji. Jana alitafuna muhogo wa kuchemsha kwa upande wa kushoto, polepole, huku akinitazama.