Shoga yangu wa dakhalia yuko Maskat, kila siku ananiambia "msalimie mama", na mama ameshafariki

Mwalimu wa Wete

Asalaam alaykum. Naomba ushauri, hasa kwa walioko Oman na kwa yeyote aliyewahi kupoteana na mtu miaka mingi kisha akamkuta ugenini.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Mwezi ujao, in shaa Allah, nakwenda umra na kaka yangu. Wakati wa kurudi ndege yetu inapitia Maskat, na tumepanga tubaki pale siku chache kwa sababu moja tu. Yuko Z, shoga yangu wa tangu skuli.

Tulilala dakhalia moja skuli ya Fidel Castro, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Kwao ni Micheweni, lakini jamaa zake wengi walikuwa wameshahamia Unguja, basi kila tulipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani alikuja kwetu. Mama yangu ndiye aliyemfundisha kusuka ukili. Mchuzi wa samaki ukipakuliwa, kichwa alikuwa akiwekewa Z, wala mimi sikuuliza, maana mama anajua ndicho akipendacho. Tulipofika kidato cha nne Z alirefuka ghafla, na mama ndiye aliyelifumua pindo la sketi yake akalishusha usiku ule ule ili asionekane kituko mstarini. Nayataja haya mjue alikuwa nani kwake.

Mwaka 1998 mjomba wake akamwita Oman. Huyo mjomba ni katika wale waliokwenda baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi. Z akaolewa huko huko. Tukaandikiana barua kwa muda, kisha mimi nikahamishwa skuli, yeye akahama nyumba, barua zikawa zinakwenda kwenye sanduku la posta lisilo na mwenyewe. Hatukugombana hata siku moja.

Mwaka huu nimekutana na binamu yake harusini Mtambwe, akanipa namba. Usiku ule nilimtumia Z ujumbe wa sauti. Alijibu huku analia na anacheka, na alimalizia hivi: "Mpe salamu mama, mwambie mwanawe wa Micheweni yuhai, na nikija nataka kichwa changu cha samaki."

Mama alifariki mwaka 2019.

Sikuweza kumjibu palepale, maana ile furaha yake ilikuwa kubwa mno. Tangu siku hiyo kila ujumbe una salamu ya mama. Juzi ameniletea picha ya mabaibui mawili aliyomnunulia, ananiuliza mama atapenda lenye nakshi mikononi au lililo wazi. Nimeiangalia picha ile mpaka alfajiri.

Kaka anasema nisubiri, habari kama hii mtu haambiwi kwa simu, nimwambie nikiwa nimemshika mkono. Mimi naona kila siku inayopita naongeza uzito. Nyinyi mnasemaje?

Na la pili. Z anataka tufikie kwake, Seeb, hapo hapo Maskat. Anaishi na mumewe, watoto na mama mkwe. Mimi nipo na kaka, mtu mzima. Ni sawa, au tutafute hoteli tuwe tunakwenda kumtembelea?

Ummu Nasra

Wa alaykum salaam dada yangu. Allah amrehemu mama, amlaze pema.

Mimi ni wa Ng'ambo ya Unguja, niko Seeb tangu niolewe. Mwambie kabla hujatoka Pemba. Nakuambia hivi kwa sababu najua kitakachotokea mlangoni. Mgeni kutoka nyumbani huku si mgeni wa nyumba moja. Z atakuwa ameshawaita Wapemba wote walioko Mawaleh, Maabila na Al Khoudh, sahani za biriani zimeshapangwa, na neno la kwanza utakaloulizwa hujavua hata viatu ni "mama hajambo?" Utajibu nini mbele ya ukumbi mzima wa wanawake? Na yeye atalia wapi, na wageni wanamngoja awakaribishe?

Akijua mapema atapata siku zake za kulia. Ukifika atakuwa anakupokea kama mfiwa mwenzake, na mtaweza kuzungumza habari za mama, maana ndizo anazozitaka.

Kuhusu kulala, fikieni kwake wala usiwe na wasiwasi. Nyumba nyingi za huku zina majlisi yenye mlango wake na choo chake. Kaka atalala huko, atakula na mumewe, na nyinyi wanawake mtakuwa ndani. Ukimwambia Z umechukua hoteli utamuumiza, na mama mkwe ataona haya mbele ya majirani. Tena uwanja wa ndege uko upande wa Seeb. Mkipanga hoteli Matrah ni kilomita kama 30 kutoka uwanjani, na mji huu umelala kwa urefu, hapatembeleki kwa miguu. Siku zenu zote zitaishia kwenye teksi, na riali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu. Matrah nendeni jioni moja, muuone ufuko na soko, inatosha. Mkiweza mfike Alkhamisi, kwa sababu mapumziko ya huku ni Ijumaa na Jumamosi, mumewe na watoto watakuwepo.

Zawadi: halua msibebe, huku ndiko kwenye halua. Karafuu zina sheria zake, unazijua kuliko mimi, basi mafuta ya karafuu ya dukani yatatosha. Achari ya embe, kanga za maneno mazuri, na papa mkavu kama utaweza kumfunga asinuke. Lakini nikuombe kitu kimoja. Kama nyumbani kumebaki mkeka, kawa au kipepeo alichosuka mama kwa mkono wake, mletee Z.

Kaka wa Likoni

Pole sana dadangu. Naona nduguyo ana nusu ya haki na Ummu Nasra ana nusu nyingine.

Nilifanya kazi Doha miaka kadhaa. Habari ya kufariki babangu niliipata kwa ujumbe wa maandishi, nikiwa kwenye basi la kampuni alfajiri, katikati ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyejua naitwa nani. Nikashuka, nikavaa kofia, nikafanya zamu nzima. Mpaka leo, kila nikiona simu yawaka gizani moyo hunishtuka. Kwa hivyo mwambie mapema, ndiyo, lakini usimwandikie, na usimtumie sauti ataisikiliza akiwa sokoni au ndani ya gari na watoto. Mpigie. Na kabla ya kumpigia yeye, tafuta namba ya mumewe, mwambie yeye kwanza, mpange saa ambayo atakuwa ameketi karibu naye. Huko wako mbele yenu saa moja, basi usichelewe sana baada ya Isha.

Usianze na hadithi ndefu. Babangu alikuwa ameumwa wiki mbili na watu wakanificha, wakisema "hajambo kidogo". Hilo ndilo lililonichoma kuliko kifo chenyewe. Mwambie wazi: mama alifariki, mwaka fulani, kwa maradhi fulani. Kisha nyamaza umwache aulize.

Babu wa Mkoani

Wanangu, mimi naungana na kaka yake Mwalimu. Sisi tuliokulia hapa tulijua habari ya msiba huletwa na mtu kwa miguu yake, anaketi, anakunywa maji, ndipo anasema. Mwanamke yuko mbali na kwao, akianguka kwa simu utamwinua vipi? Lakini hilo la kumtanguliza mume nimelisikia, lina akili. Kama mume atakubali kukaa naye, basi itakuwa ni kama mmemtuma mtu.

Mwalimu wa Wete

Ahsanteni sana, nyote. Babu, maneno yako nilimsomea kaka, na ndiyo yaliyomfanya akubali.

Namba ya mumewe niliipata kwa binamu. Ni mtu mstaarabu, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwalimu, mama yako mimi namjua kwa hadithi." Tukakubaliana Ijumaa baada ya Isha. Nilipopiga alikuwa ameketi naye. Nikamwambia kama alivyosema kaka wa Likoni, wazi, bila kuzunguka.

Z hakulia mwanzo. Aliuliza amezikwa wapi. Aliuliza nani aliyemwosha, nikamwambia ni mimi na mama mdogo. Kisha akakasirika, wala si kwangu, akawa anasema, "Miaka yote hii mimi namwombea afya. Kila sala namwombea afya." Hapo ndipo alipolia, na mumewe akaichukua simu.

Nililala na hofu kwamba nimempoteza mara ya pili. Asubuhi amenipigia mwenyewe kabla sijakwenda skuli. Alitaka nimsimulie tangu ugonjwa ulipoanza, nami nikamsimulia, nikafika darasani nimechelewa, na mwalimu mkuu aliponiona uso hakuniuliza. Z ameomba mambo mawili. Nikishamaliza umra yangu nataka kumfanyia mama ya kwake, basi ananitaka siku hiyo nimtaje na yeye katika dua, kwa jina lake na la Micheweni. Na usiku wa pili tukishafika itasomwa khitma nyumbani kwake, mama mkwe ndiye aliyelitoa wazo hilo. Mabaibui amesema moja nivae mimi siku hiyo, jengine ni la mama mdogo.

Kawa lipo, mama mdogo alikuwa analifunikia mikate. Amelitoa bila ya maneno, ila amesema nisiliweke chini ya mizigo mizito, basi nitalibeba mkononi safari nzima, Madina mpaka Maskat. Tutalala kwa Z. Siku ya ndege imeangukia Alkhamisi jioni, kama alivyoshauri Ummu Nasra.

Ummu Nasra, nimemsimulia Z habari zako na anasema Seeb si kubwa kiasi hicho, lazima mnajuana. Anataka uje kwenye khitma. Niandikie pembeni nikupe siku na namba yake.