Dopla bila sindano: kliniki ya Kampala imenila pesa na kuniandikia ugonjwa nisio nao

Ndugu zangu, uzi huu nimeuandika nikaufuta mara tatu kwa aibu. Leo nauacha.

Mimi ni dereva wa lori, miaka 47, nyumbani Tororo, njia yangu ni Malaba, Kampala mpaka Elegu. Mwaka jana nguvu za kiume zilianza kupungua, mwisho zikakata kabisa. Nikawa naomba safari za zamu ya wenzangu ili nisilale nyumbani, na mama watoto akaanza kuamini nina mwanamke Elegu. Sikuwa naye. Nilikuwa namkimbia yeye kwa sababu sikuwa na la kumwambia.

Nikasikia redioni kliniki moja ya Kampala ina altrasaundi ya dopla, ile inayopima damu inavyokwenda kwenye mishipa ya uume. Nikalipa shilingi 250,000 kwa simu kabla hata sijamwona daktari. Hakuna aliyeniuliza kama nina presha au sukari, wala kama asubuhi huwa inasimama yenyewe. Nikaambiwa, "Mzee, ingia, vua, lala."

Pazia lilikuwa halifiki ukutani. Kijana akanipaka ile jeli ya baridi, akachukua kile kichwa kipana cha mashine wanachopitisha kwenye matumbo ya wajawazito, akaanza kunibonyeza nacho. Katikati ya kazi mlango ukafunguliwa, dada mmoja akaingia kuchukua boksi la glavu, akanisalimia. Mimi niko vile. Nilimjibu nikiangalia dari.

Nikavaa, nikapewa karatasi ya Kiingereza inayosema mishipa ya kurudisha damu inavuja. Yule kijana akaniambia huo ni ugonjwa wa kudumu, vidonge vya duka la dawa havitanisaidia kitu, ila wao wana matibabu ya kuziba uvujaji: dripu na unga wa kuchemsha, shilingi 1,900,000. Nikalipa nusu, nikanywa ule unga miezi minane.

Miezi minane! Na kila siku nikijiambia mimi nimeharibika, basi.

Aliyenifungua macho ni daktari wa mfumo wa mkojo, hospitali nyingine. Aliisoma karatasi yangu, akaniuliza, "Sindano walikuchoma upande gani?" Sindano gani? Akanyamaza, halafu akanionyesha jedwali la kwenye karatasi ile. Juu limeandikwa "baada ya sindano", chini yake safu za dakika 5, 10, 15 na 20, kila safu ina namba. Sikuchomwa sindano yoyote! Na zile picha zilizobanwa nyuma ya karatasi zina saa ya mashine pembeni: kati ya picha ya kwanza na ya mwisho ni dakika sita. Dakika ya 20 waliipata wapi? Namba zile mtu alikaa akazitunga, akaniandikia mimi.

Nieleze alivyonieleza, maana wengine wenu mtapelekwa kwenye kitanda kile kile. Uume husimama kwa sababu mishipa miwili midogo ya ndani inafunguka na kuingiza damu kwa nguvu, kisha ile damu ikijaa inabana mishipa ya kuirudisha, haitoki. Sisi wa malori tunaelewa haraka: kuna pampu na kuna valvu. Sasa utajuaje valvu inavuja wakati tairi halijajazwa upepo? Ndiyo maana unachomwa kwanza dawa ya kusimamisha, kwa mfano alprostadili, halafu wanapima kila baada ya dakika chache mpaka ifike 20 au zaidi. Kasi ya damu moyo unapopiga ikivuka sentimita 35 kwa sekunde, mishipa ya kuingiza ni mizima. Ikiwa chini ya 25, damu haiingii ya kutosha. Halafu wanatazama kasi moyo unapopumzika: damu ikiingia vizuri lakini kasi hiyo ikabaki juu ya 5, hapo ndipo wanashuku uvujaji. Tena hofu peke yake inabana mishipa na kuzuia dawa ya sindano isifanye kazi, mtu mzima akaonekana anavuja. Kwa hiyo chumba kinafungwa, taa inapunguzwa, na asiyehusika haingii. Mlango wangu mimi ulikuwa wa kupitisha maboksi.

Na dopla haikuwa hata kitu cha kuanza nacho. Daktari huyu alianza na damu. Sukari kabla ya kula ilikuwa 11.4, na kuanzia 7 tayari ni kisukari. Akarudia siku nyingine, ikawa ile ile. Kwa kidole kuchomwa tu! Akaniuliza kama natumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, maana zikikutana na sildenafili, kidonge cha kusaidia kusimama, presha inaweza kuporomoka vibaya, nikasema hapana, akanipa sildenafili nijaribu. Ilisaidia kidogo tu. Hapo ndipo akasema sasa dopla ina maana.

Sindano ni nyembamba, inaingia ubavuni, inauma kuliko unavyotaka lakini inapita. Majibu: upande mmoja 22, upande wa pili 24, na moyo ukipumzika 2. Damu haiingii vizuri. Uvujaji hawakuuona. Ile ya kliniki ilikuwa kinyume kabisa. Hakuniruhusu kuondoka mpaka ilipolala, akanipa namba yake, akasema ikisimama tena ikakaa hivyo zaidi ya muda wa saa nne nirudi hata usiku wa manane, kwa sababu damu ikikwama humo inaua nyama ya ndani.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Mishipa ile ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Mafuta na kisukari vikianza kuziba, ile midogo inaonyesha kwanza, wakati mwingine miaka kabla ya moyo. Mwili wangu ulikuwa unanipa taarifa, wao wakaniuzia unga. Nimeendesha tani 28 miezi minane na sukari hiyo, na tandiboi wangu, mtoto wa watu wa miaka 22, amekaa pembeni yangu. Wiki ijayo napimwa moyo.

Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa Wizara ya Afya unampa mgonjwa faragha na haki ya kuelezwa anachofanyiwa kabla hajakubali. Karatasi zote mbili, picha na ujumbe wa malipo nimezitoa kopi. Seti moja inakwenda Baraza la Madaktari, nyingine kwenye baraza linalosajili watu wa mashine za picha. Nataka yule kijana aulizwe namba za dakika ya 20 alizitoa wapi.

Kama nawe uliwahi kupewa karatasi ya dopla na hukuchomwa sindano, angalia saa zilizo pembeni ya picha, halafu niandikie hapa ni dakika ngapi. Jina lako huna haja ya kuliweka. Mama watoto ameusoma uzi huu kabla sijaubandika, ndiye aliyesema niweke na habari ya mlango.